Mrejesho: daraja la mbao la mikokoni

Assalaam alaykum. Mwezi uliopita niliuliza nani wa kulitengeneza daraja letu la mbao la mikokoni, hapa Pemba, lililojengwa kwa fedha za serikali. Wengi mlisema nianzie kwa sheha, kiongozi wa serikali wa hapa mtaani.

Sheha hakuwa na tabu. Barua yake ndiyo iliyolala ofisini wiki tatu (ofisi siitaji, kisiwa chenyewe kidogo). Jibu: mradi umekwisha, fungu la matengenezo halikuwamo. Pesa za kukata utepe zilikuwamo, za misumari hazikuwamo!

Aliyetufaa ni yule aliyesema, "Nendeni Jozani mkaone." Tukavuka Unguja watu wanne. Kule Jozani, msitu ulio hifadhi ya taifa tangu 2004, sehemu ya viingilio vya wageni wanaokwenda kuwatazama kima punju hurudi vijijini.

Nasi tukaanza kutoza wageni wetu kiingilio kidogo. Mbao kumi na mbili zishabadilishwa. Za zamani zilikuwa zikimeguka mkononi kama kashata. Fundi alitaka kukata mikandaa (aina ya mikoko) ya papo hapo kwa nguzo, kamati ikamkatalia, akanuna siku mbili.

Kimebaki kipande cha upande wa bahari. Maji ya bamvua yakijaa, mgeni bado anavua viatu.