Waliowahi kuishi na redio bubu mtaani, London, New York na kwingineko: tupeane uzoefu

Mtoto wa Magomeni
Wakuu, habari za jioni. Jana nilikuwa napanga maboksi stoo nikakuta kaseti imeandikwa kwa peni: "Jumapili, 101 na ushee, USIFUTE". Nikaazima redio kaseti kwa jirani yangu, mzee wa Kijamaika, nikaiweka. Dakika arobaini za rege, miluzi, honi, na jamaa anayemsalimia "mama wa saluni pale chini ya daraja". Machozi yakanilenga.

Nilitua London 1992. Nyumbani nimeacha RTD ndiyo redio, hakuna nyingine. Usiku wa kwanza, chumbani Hackney, nazungusha kitufe cha masafa, kila nikigusa kidogo nakuta kituo kingine, vingine vimepandiana kama abiria wa daladala. Asubuhi nikamuuliza mwenyeji wangu: hizi zote ni za serikali? Alicheka mpaka akakaa chini.

Nazungumzia zile redio zisizo na leseni, zilizorushwa kutoka mapaa ya maghorofa ya kaunsili, yaani nyumba za halmashauri. Najua humu wamo waliosikiliza, waliotangaza, waliobeba antena na waliokimbia. Karibuni.

Chuma Chakavu
Naweka kiti mbele kabisa.

Binti Kingo
Mada nzuri ila kichwa cha habari kina kasoro. Redio bubu gani inayopiga kelele usiku kucha? Semeni redio haramia.

Mtoto wa Magomeni
Dada yangu, bandari bubu ina majahazi, gereji bubu ina magari. Bubu ni kwa serikali tu, sisi wengine tunaisikia vizuri.

Binti Kingo
Haya, umenishinda. Lakini bado ni haramia.

Mzee Kipara
Binti Kingo ana hoja, maana uharamia wenyewe ulianzia baharini kweli. Radio Caroline ilianza 1964 kwenye meli iliyotia nanga nje ya pwani ya mashariki ya Uingereza, kwa sababu wakati ule BBC ndiyo ilikuwa na hewa yote ya Uingereza. Serikali ikatunga sheria 1967 ya kuwakatia chakula, mafuta na matangazo ya biashara. Jina la maharamia likabaki hata watu walipohama meli wakapanda maghorofa.

Na waliopanda maghorofa wengi walikuwa weusi wa mitaa ya London kama Brixton, Hackney, Ladbroke Grove, waliochoka kusubiri muziki wao upigwe. Kituo cha DBC, kile cha mwanzoni mwa miaka ya 80, kilikuwa cha watu hao. Kiss ilianza 1985 bila leseni, 1990 ikarudi hewani na leseni mkononi. Rinse ilianza 1994 na leseni yake ikaja 2010. Miaka kumi na sita ya kuficha mitambo! Msiwaite wahuni tu.

Chuma Chakavu
Shikamoo mzee. Somo limeingia.

Nesi wa Brooklyn
Umenikumbusha Flatbush, huku Brooklyn, 2021. Nilipanga chumba ghorofa ya pili, na juu yangu kwenye dari alikaa mzee wa Kihaiti na mpwa wake. Mwezi wa kwanza nilidhani nimerogwa. Spika za kompyuta yangu, hata nikizima kompyuta, zilikuwa zinahubiri zenyewe kwa Krioli. Nafunga, nachomoa waya mmoja, mahubiri yanaendelea. Siku moja nikapanda na spika mkononi, nikagonga. Mzee akanikaribisha ndani, akanionyesha kipaza sauti kimefungwa kwa soksi. Akaniombea radhi na sahani ya wali na maharage.

Baada ya hapo nikawa msikilizaji. Habari za Port-au-Prince, matangazo ya misiba, nani anatuma boksi wiki hii, wakili gani mtu asimwamini. Mabibi niliowauguza walikuwa hawataki televisheni, wanataka ile redio. Ukishika kitufe vibaya ukapoteza masafa unatukanwa.

Ikaja barua. Haikuja kwa mzee, ilikuja kwa mwenye nyumba. Kuna sheria ilisainiwa Januari 2020 iliyopandisha faini hadi dola 100,000 kwa siku wakati huo, na jumla yake ingeweza kufika milioni 2, na mwenye jengo akijua akanyamaza naye anahesabika. Yule baba wa Kiguyana alipanda ngazi karatasi inatetemeka. "Nyumba yenyewe haifiki hiyo pesa!" Jioni ile mzee akashusha antena, ameifunga blanketi, anashuka nayo taratibu kama anamshusha mgonjwa. Mabibi zangu walinuna wiki tatu. Ya nne, nafika kazini nakuta bibi mmoja anatabasamu: sauti ni ile ile, masafa mengine.

Zainabu wa Peckham
Nesi, hapo kwenye mabibi umenimaliza.

Mlinda Anga
Samahani niwaharibie sherehe. Nimefanya kazi ya mawasiliano ya uwanja wa ndege miaka mingi. Masafa ya FM yanaishia 108, ya ndege yanaanzia hapo hapo. Mtambo uliochomelewa jikoni bila kichujio unatema takataka juu na chini ya masafa yake. Rubani anashuka kwenye mawingu, anasubiri maelekezo, anasikia salamu za mama wa saluni. Mnacheka?

Chuma Chakavu
Tunacheka kidogo.

Kijana wa Eastleigh
Sasa wewe, hizo ndege zimeangukia nani miaka hiyo yote?

Mlinda Anga
Hazijaanguka kwa sababu kuna watu waliokuwa wanazima hiyo mitambo. Ni kama kusema kufuli halina kazi kwa kuwa hujaibiwa.

Kijana wa Eastleigh
Ama redio kubwa ndizo zilikuwa zinalinda matangazo yao ya biashara na ndege ni kisingizio.

Mlinda Anga
Yote mawili yanaweza kuwa kweli, kijana. Hilo hujafundishwa?

Mtoto wa Magomeni
Tafadhali wakuu, uzoefu. Malumbano fungueni uzi wenu.

Fundi Koili
Nimejizuia tangu asubuhi lakini mmenichokoza.

Desemba 1997, Tottenham. Jina la kituo sisemi, maana baadhi ya wenyewe leo ni wazee wa kanisa. Mchana nilikuwa nasomea umeme, usiku nafunga mitambo. Paundi thelathini kwa kupanda mara moja, hamsini kukiwa na mvua.

Kwa wasiojua mchezo: studio ilikuwa chumba cha kulala cha mtu, magodoro yameegeshwa ukutani. Mtambo wa kurushia haukai hapo, ng'o. Unakaa juu ya paa la jengo jingine ng'ambo ya barabara, na sauti inavuka kwa kiungo kidogo cha hewani, antena mbili zinatazamana kama wachumba. Wakaguzi wakifuata mawimbi wanafika kwenye mtambo, wanaubeba, wanaondoka. Studio hawaijui. Wakichukua Jumatatu, Ijumaa tumefunga mwingine. Waliotutesa zaidi walikuwa wezi wa vituo vingine, hao wanachukua mpaka waya.

Siku hiyo sauti inakwaruza. Saa tatu usiku napanda. Boksi letu la bati lilikuwa nyuma ya tangi la maji, umeme tumeuvuta kutoka taa ya chumba cha mota ya lifti, waya unapita kwenye tundu la hewa. Mlango wa paa nimeuegeshea jiwe usijifunge. Nakaza nati za antena, vidole havina hisia, nasikia KAH! nyuma yangu. Mlinzi wa jengo yuko kwenye mzunguko wake, ameona jiwe, amelipiga teke, amefunga kwa ndani.

Ghorofa kumi na tisa. Upepo ule wa London ambao hauzunguki mwili, unapita katikati. Nagonga mlango, hakuna mtu. Napiga kelele, chini watu ni sisimizi. Simu ya mkononi wakati huo ni ya meneja. Nilichonacho ni koleo, tepu na karedio kadogo ka kusikilizia kama mtambo umekaa sawa. Naweka sikioni, nakuta mtangazaji anasema: "Salamu kwa fundi wetu popote alipo, sauti sasa imenyooka, kalale unono kaka."

Nikapata akili. Nikizima mtambo, watakuja kuangalia. Nikazima. Nikakaa nyuma ya tangi nasubiri. Nusu saa, hakuna. Saa nzima, hakuna. Ndipo nikakumbuka sheria yetu wenyewe, niliyowafundisha mimi: mtambo ukikata ghafla, wakaguzi wako juu, MTU ASISOGELEE JENGO.

Nikawasha tena. Nikaanza kuwasha na kuzima: mara tatu, natulia, mara tatu. Ikiwaka namsikia mtangazaji: "Wasikilizaji tuvumilieni, kuna hitilafu ndogo, fundi wetu anaishughulikia." Fundi ndiye mimi!

Wakapiga simu ya nyumbani kunitafuta. Mke wangu akawaambia nimetoka tangu saa tatu na koleo. Akafungua redio asikilize. Sisi ni watu wa Tanga, nikirudi usiku nagonga tatu, natulia, nagonga tatu. Akawaambia wale jamaa: "Hiyo si hitilafu, hiyo ni hodi ya mume wangu." Saa tisa usiku nasikia funguo. Amesimama na kanga juu ya koti, mlinzi nyuma yake amenuna. Amemwambia nilipanda kurekebisha antena ya televisheni.

Mlinzi akaniangalia, akaangalia boksi linavyonguruma na kafeni kake, akasema, "Televisheni yako ina besi nzuri."

Chuma Chakavu
NIMEKUFA. Hodi hewani!

Zainabu wa Peckham
Huyu mke apewe leseni yeye.

Kijana wa Eastleigh
Hii ni chai, tena ya maziwa. Ulikuwa unachomoa antena usiku mzima na mtambo haukuungua?

Fundi Koili
Kijana umejaribu. Nani kasema nilichomoa antena? Ukichomoa antena mtambo ukiwa unawaka, nguvu inakosa pa kwenda, inarudi ndani, transista za mwisho zinakuwa mshikaki. Nilichomoa plagi ya umeme. Na ukishika antena inayorusha inakuunguza bila moto. Kovu lipo, kidole cha shahada.

Mlinda Anga
Kwa mara ya kwanza leo mtu amesema kitu sahihi. Kichujio je, mlikuwa nacho?

Fundi Koili
Wakati mwingine.

Mlinda Anga
Wakati mwingine!

Zainabu wa Peckham
Yangu si ya paa. Mimi nilitangaza, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watu wanadhani tulilipwa. Ulikuwa unalipa wewe! Paundi kumi kila wiki, mchango wa mitambo itakayokamatwa. Nikapewa saa ambayo hakuna anayeitaka, Jumapili kumi na mbili asubuhi, vijana wote wanatoka kwenye muziki wao kwenda kulala. Nikapiga taarabu na dansi, nikazungumza Kiswahili. Wiki nne, simu haijalia hata mara moja. Ya tano ikalia. Mama mmoja wa Barawa, kule Somalia. Anazungumza Chimwini, Kiswahili cha kwao, mimi Kiswahili cha Unguja, tunakutana katikati. Aliniuliza, mwanangu, uko wapi wewe, nimekusikia jikoni nikadhani nimekufa niko kwetu. Hakuomba wimbo. Alikaa tu kwenye simu, nikamwacha hewani anavuta pumzi.

Mtambo ulichukuliwa wiki iliyofuata. Kile kipindi hakikurudi, na namba yake sikuandika.

Mtoto wa Magomeni
Pole sana dada Zainabu.

Dogo Bronx
Wakubwa shikamooni. Niko Bronx, nimeona mtambo mtandaoni dola mia mbili. Nataka nianze ka-redio ka Kiswahili, Wakongo, Warundi na Watanzania tupo wengi. Ushauri?

Mlinda Anga
Usiguse.

Chuma Chakavu
Gusa, lakini kwenye paa la shemeji.

Nesi wa Brooklyn
Mdogo wangu, soma tena pale juu. Laki moja kwa SIKU. Na New York ni kati ya miji ambayo sheria inataka ifanyiwe msako kila mwaka.

Mzee Kipara
Kuna njia ya halali, leseni za redio ndogo zisizo za biashara, hadi wati 100. Dirisha la maombi lilifunguliwa 2013, likafunguliwa tena 2023. Ungana na kanisa au chama, muwe tayari likifunguka jingine. Uingereza leseni za redio za jamii zilianza kutoka 2005. Na huko ukishatiwa hatiani kwa redio bubu, mbali na kifungo kinachoweza kufika miaka miwili, unafungiwa redio halali miaka mitano.

Kijana wa Eastleigh
Weka kwenye intaneti buda, siku hizi nani ana FM?

Nesi wa Brooklyn
Mabibi zangu wana FM. Simu wanapokea kwa kuishika kichwa chini.

Fundi Koili
Dogo, ule mtambo wa dola mia mbili usinunue, nimeufungua mmoja, hauna kichujio.

Mlinda Anga
Leo tumepatana.

Binti Kingo
Fundi, hujamaliza. Mama watoto anasemaje kuhusu usiku ule? Msomee huu uzi.

Fundi Koili
Nimemsomea sasa hivi, yuko hapa anamenya viazi. Anasema hodi aliitambua tangu saa tano, redio ilikuwa wazi muda wote. Ila alikuwa bado ana hasira zake za asubuhi.