Wamenirudishia rupia ya marehemu bibi na neno moja tu: IMESAFISHWA

Mjukuu wa Pangani (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka posta sasa hivi na vidole vinatetemeka. Bahasha ipo mezani, wembe upo mezani, chai imepoa na siitaki tena.

Mnawajua. Siwataji maana hakuna mkusanyaji humu asiyewajua. Wale wapima sarafu wa Marekani, wanaoipa sarafu gredi na kuifungia kwenye vikasha vya plastiki, ambao siku hizi ukitaka kuuza sarafu bila kikasha chao mnunuzi anakuangalia kama umemletea kifuniko cha soda.

Niliwatumia rupia ya Mjerumani ya mwaka 1891. Kaiser Wilhelm na kofia yake yenye tai juu, nyuma simba na mtende. Ya fedha, gramu 11 na nusu na kidogo. Bibi alipewa na mama mkwe wake siku ya harusi. Ikakaa ndani ya kijaluba cha tambuu, kijaluba ndani ya sanduku, sanduku mvunguni mwa kitanda, na kitanda hakijahama Pangani mpaka bibi anazikwa. Pembeni ilishapiga weusi wenye buluu ndani yake, kama shingo ya njiwa. Rangi ile huipati kwa mwaka mmoja wala kumi.

Ada yao, kutuma, bima, kurudishiwa: laki nne na ushee. Hiyo ni mbuzi wawili na nauli ya kwenda kuwachagua mwenyewe.

Leo nafungua. Kikasha kinang'aa, namba zimepangwa vizuri, lebo imenyooka. Natafuta gredi. Nilitarajia 55 kati ya 70, hata 50 ningeshukuru. Hakuna namba ya gredi. Kuna neno moja, lile la kukunyima namba: IMESAFISHWA.

Imesafishwa na nani? Lini? Kwa maji ya bomba lipi? Rupia ile haijaona hata manyunyu ya mvua tangu Mkwawa yuko hai! Mtu amekaa kwenye kiti chake huko, ameiangalia sekunde chache chini ya taa, akaamua kwamba familia yetu ni waongo. Bibi yangu aliniambia kwa mdomo wake, "Mwanangu, usiiguse kwa sabuni." Na leo lebo inasema IMESAFISHWA.

Nimeisoma mara ishirini. Bado inasema hivyo hivyo.

Kobe wa Kilwa

Pole sana mkuu. Ila weka picha.

Bin Barghash

Bwana wewe, yako afadhali. Mimi niko Maskati, niliwapelekea pysa, ile pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1299 wa Hijria, yenye mizani. Imerudi imefungiwa kichwa chini. Upande wa maandishi wote umepinduka! Nimelipa pesa nzima ili nikitaka kusoma jina la Sultani nisimame kwa kichwa. Mtu asiyejua herufi za Kiarabu zinaanzia wapi atanipimiaje mimi sarafu ya Unguja?

Hela Ishirini

Karibuni kwenye chama. Mimi nina hela 20, sarafu ya Mjerumani iliyopigwa Tabora mwaka 1916, wamenipa gredi ya aibu, eti alama hazikutokea vizuri. Jamani, zile zilipigwa katikati ya vita, meli za Ujerumani hazifiki, mashine za kuungaunga, shaba ya kuokoteza. Zilitoka mapooza siku ile ile ya kwanza. Taji la kwenye hela ya Tabora halijawahi kutokea vizuri kwa mtu yeyote. Unaipimaje kwa kipimo cha dola iliyopigwa Philadelphia?

Fundi Mizani

Kipimo chenyewe mnakijua kilikotoka? Namba 1 mpaka 70 ni za William Sheldon, kitabu cha mwaka 1949, na alikuwa anazungumzia senti kubwa za shaba za Marekani, za 1793 hadi 1814. Basi. Na 70 wala haikuwa "ukamilifu". Hesabu yake ilikuwa ya bei: senti chakavu kabisa ikiuzwa dola 1, ile bora kabisa iwe dola 70. Ilikuwa orodha ya bei ya shaba ya watu wengine, leo inakuja kumhukumu bibi wa Pangani.

Lakini mleta uzi, nikuulize kwa nia njema. Hivyo vimistari vyembamba usoni pa Kaiser vimekaaje? Sarafu iliyozunguka sokoni mikwaruzo yake inakwenda kila upande. Iliyosuguliwa, vimistari vinalala upande mmoja kama nyasi baada ya upepo. Iinamishe taratibu chini ya taa moja, halafu utuambie.

Mjukuu wa Pangani

Nimeinamisha. Vipo vichache shavuni. Vimelala upande mmoja.

Lakini hiyo si kusafisha! Kila Idi bibi alikuwa anaitoa kwenye kijaluba, anaifuta kwa pindo la khanga, halafu anatupitishia watoto mmoja mmoja tumwone Kaiser. Hakuna sabuni, hakuna ndimu, hakuna majivu. Pindo la khanga tu. Hiyo ndiyo wameiita IMESAFISHWA?

Kobe wa Kilwa

Mkuu 😂😂😂 Idi mbili kwa mwaka, kwa miaka mingapi?

Mjukuu wa Pangani

Kama arobaini.

Kobe wa Kilwa

Uzi ufungwe. Mara themanini! Kaiser amesuguliwa shavu kuliko sufuria ya pilau.

Mama Rupia

Nyie acheni kumcheka. Mimi namwelewa. Kufuta ni kufuta, kusafisha ni kusafisha. Mwanangu akirudi na vumbi nikimfuta uso, sijamwogesha. Wangeandika hata "imefutwa kwa mapenzi" tungewaelewa.

Fundi Mizani

Dada, chuma hakijui mapenzi. Fedha ni laini na khanga ina wanga na vumbi. Neno lao liko sahihi. Ninachowalaumu ni kutomweleza mtu. Umelipa laki nne, basi uandikiwe hata mistari miwili: tumeona nini, wapi, kwa nini. Wanakupa neno moja kama hakimu mwenye haraka ya kwenda kula.

Bandari Juu

Na hata hilo neno halina uhakika. Mimi wa Mombasa hapa, nina rupia ya Mombasa ya 1888, ya ile kampuni ya Waingereza. Mara ya kwanza imerudi na neno hilo hilo. Nikakipasua kikasha kwa nyundo na kitambaa, nikairudisha kwao wenyewe, sarafu ile ile, sijaigusa. Ikatoka na gredi 53. Sasa ilijichafua yenyewe ndani ya ndege?

Kobe wa Kilwa

Hahahaha ilijichafua Dubai wakati wa kubadilisha ndege.

Hela Ishirini

Ndiyo mchezo wao huo, kuna watu huko Marekani kazi yao ni kuvunja vikasha na kupeleka tena mpaka namba ipande. Mpaka mwaka 2007 John Albanese akaanzisha kampuni ya CAC, ambao walikuwa wanapitia sarafu ambazo tayari zimo kwenye vikasha vya wengine, wakiridhika wanabandika stika ya kijani. Yaani mpimaji naye amepata mpimaji. Bado huyo wa stika apate wa kwake.

Dili za Kale

Habari wakubwa. Nina shilingi ya Nyerere ya mwaka 1966 yenye mwenge, safi kabisa, haijasafishwa. Milioni 40, maongezi yapo. Aliye serious aje inboksi.

Mama Rupia

Huyu naye.

Bin Barghash

Milioni 40 kwa sarafu iliyotoka kwa mamilioni? Mimi ninazo kumi na moja, nipe milioni moja tu kwa zote na juu yake nakuongezea halua.

Dili za Kale

Mzee usinivunjie biashara. Kuna Mzungu Arusha anazitafuta.

Fundi Mizani

Huyo Mzungu wa Arusha nimemsikia tangu niko darasa la tano. Enzi hizo alikuwa anatafuta pasi ya mkaa na redio ya mbao. Kijana, usimdanganye mtu akauza shamba.

Bandari Juu

Hata huku kwetu yupo, ila wetu anakaa Nyali na anataka noti za Mzee Kenyatta. Jirani yangu amemngoja mwaka wa tatu.

Mjukuu wa Pangani

Wakuu, turudi kwenye mada. Nifanye nini? Nivunje kikasha niirudishe kwao, au niiache? Kila nikipita mezani naliona hilo neno. Nimeligeuza upande wa simba, lakini najua lipo nyuma.

Mama Rupia

Kivunje kikasha, irudi kwenye kijaluba. Ilikaa humo bila namba na Idi zote hizo mlikuwa mnaigombea.

Mpiga Bati

Samahani niulize hapa hapa, msinitukane. Zile senti kumi zenye tundu, zina thamani? Baba aliezekea nazo, alikuwa anazivalisha kwenye msumari wa bati ili maji yasipite. Nyumba ipo Muheza.

Hela Ishirini

Za mwaka gani?

Mpiga Bati

Moja iliyodondoka imeandikwa 1936.

Bin Barghash

Subiri. Soma jina. Kuna za Mfalme George wa Tano na kuna za Edward wa Nane, yule aliyekaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja akajiuzulu. Pauni za Uingereza hazikuwahi kutoka na sura yake, lakini senti zetu hazikuwa na sura ya mtu, zilikuwa na jina tu na tundu, basi zake zikapigwa na zikatumika.

Mpiga Bati

Inasomeka EDVARDVS.

Hela Ishirini

Ndiyo yenyewe. Zipo nyingi, haitakujengea ghorofa, lakini ni nzuri kuwa nayo. Juu ya bati ziko ngapi?

Mpiga Bati

Sijui. Paa lina misumari kama mia tatu.

Kobe wa Kilwa

Mkuu ngazi unayo?

Mpiga Bati

Ipo. Nakwenda kuchungulia.

Mama Rupia

Huku Tanga mvua inanyesha tangu asubuhi, na Muheza bila shaka ni hivyo hivyo. Shuka hapo, bati linateleza. Na ukizipata, usizifute!