Mrejesho: chujio la maji melini halikuwa na kosa

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini maji yanayotoka kwenye chujio jipya la meli yetu yana bakteria wengi kuliko yanayoingia. Aliyesema nianzie kwenye bomba ninalokingia sampuli za maji ya kupima, Mungu akubariki. Nilifungua mdomo wake, nikakuta mpira wa ndani una utelezi wa kijani, makao ya bakteria! Nikautoa, nikauchoma mdomo kwa moto, nikaacha maji yatiririke dakika tano, ndipo nikakinga. Safari hii chupa zilikuwa na thiosalfeti ya kuzima klorini; bila thiosalfeti, klorini huendelea kuua bakteria ndani ya chupa na majibu yanadanganya. Nikaziweka kwenye barafu, zikafika maabara siku ileile. E. koli (bakteria wa kinyesi) sifuri kwa mililita 100. Kesho nakinga bomba la jikoni.