Mzee kaambiwa ana protini kwenye moyo, ndugu wanasema ni chanjo ya korona. Naombeni ushauri

Mgebuka Mkavu (mwanzisha uzi)

Mwakeye wakuu. Mimi ni wa Kigoma, mzee wangu yuko Ujiji, ana miaka sabini na kitu. Ni fundi mitumbwi, na hajawahi kuwa mtu wa kulala kitandani. Sasa hivi akipanda mwinuko wa kutoka Kibirizi anasimama njiani kutafuta pumzi. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Usiku analala ameegemea mito, akilala chali anakabwa.

Tulimpeleka hospitali, akapigwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) halafu eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti). Daktari akasema kuta za moyo zimenenepa, lakini ECG inasoma umeme mdogo, na hivyo viwili haviendani. Anahisi kuna protini imejikusanya kwenye nyama ya moyo, akataja kitu kinaitwa amiloidi. Katuandikia rufaa ya JKCI, ile hospitali ya moyo ya Dar.

Nikaliweka hilo kwenye grupu la ukoo, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Baba mdogo karusha klipu ya jamaa mwenye koti jeupe anayesema chanjo za korona zinaacha protini mwilini na moyo ndio unaoumia. Kweli mzee alichanja Janssen mwaka 2021, cheti kipo. Sasa baba mdogo anataka safari ya Dar ife, hela ikanunue unga wa "kuosha chanjo" kwa mtu mmoja pale Mwanga. Dada yangu naye kaapa binti yake hachomwi shuleni chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi.

Chanjo inaweza kuweka protini kwenye moyo, ndiyo au hapana? Na huo unga kuna aliyewahi kuutumia? Matusi sitaki, nina mgonjwa.

Bwana Tungule

Tuliwaambia 2021 mkatuita washamba. Mrudishe mzee kwenye asili, achana na Dar.

Reli ya Kati

Koti jeupe hata muuza nyama analo.

Zamu ya Usiku

Pole sana mkuu kwa kuuguza. Nafanya kazi wodi ya wagonjwa wa moyo, mkoa jirani na wako. Kabla sijasema chochote nijibu haya: Mzee ana ganzi mikononi? Mikono yote miwili au mmoja? Ilianza lini? Aliwahi kuwa na presha? Ulimi umevimba, au ana michubuko myeusi kuzunguka macho? Akisimama ghafla anaona kizunguzungu?

Mgebuka Mkavu

Ulimi na macho hapana. Kizunguzungu ndiyo. Presha alikuwa nayo miaka mingi, ila sasa imeshuka yenyewe hadi wakamsimamishia dawa, sisi tukashangilia. Ganzi anayo mikono yote miwili, hasa usiku, anaamka anaikung'uta. Hiyo ni ya zamani. Aliacha kushika randa kwa ajili hiyo, na kwenye msiba wa bibi 2016 nakumbuka mama alikuwa anamfunga vifungo vya kanzu. Tulijua ni kazi ya ufundi imemchosha mishipa.

Zamu ya Usiku

Basi angalia hizo tarehe mkuu. Janssen imeingia Tanzania Julai 2021. Mzee wako alikuwa hafungi vifungo 2016.

Ugonjwa anaoushuku daktari uko hivi. Ini linatengeneza protini inaitwa transithairetini, kazi yake kubeba homoni ya tezi na vitamini A kwenye damu. Kwa baadhi ya watu, hasa wanaume wazee, protini hiyo inafumuka, vipande vinashikana na kuwa nyuzi ngumu, ndiyo hiyo amiloidi, na nyuzi hizo zinajipanga katikati ya nyama ya moyo. Moyo unakakamaa, hautanuki kupokea damu. Nyuzi hizohizo hupenda kukaa kwenye kiganja panapopita mshipa wa fahamu, ndiyo maana ganzi ya mikono yote miwili huja miaka kadhaa kabla ya moyo kulalamika. Wapo wanaopasuliwa viganja, na hakuna anayekumbuka kuwapima moyo. Na ile presha "kupona" yenyewe ni dalili nyingine: moyo umeshindwa kusukuma kama zamani. Ipo pia aina ya kurithi, inayojulikana sana kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi. Kwa Wamarekani weusi, kama watu 3 hadi 4 katika kila 100 wanabeba badiliko hilo la jeni, ingawa si wote wanaougua.

Mrundikano wa namna hii unachukua miaka mingi. Sindano ya 2021 haiwezi kurudi nyuma kuanzisha ganzi ya 2016.

Bwana Tungule

Mbona unaruka? Kuna utafiti wa Wazungu wenyewe unaosema protini ya chanjo inageuka amiloidi. Na vijana waliovimba moyo baada ya kuchanja nao ni uongo?

Zamu ya Usiku

Si uongo, ila umechanganya vitu viwili.

Utafiti upo, wa Sweden, 2022. Walichukua vipande vya protini ya mwiba wa kirusi cha korona, ile ambayo chanjo inaufundisha mwili kuitengeneza, wakavitazama kwenye maabara, wakaona vingine vinajisokota kuwa nyuzi. Ule mwiba mzima nao ukikatwakatwa na kimeng'enya fulani unafanya hivyohivyo. Hayo yalitokea kwenye chupa, hakuna moyo wa mtu uliofunguliwa pale. Na mwiba huo anao kirusi mwenyewe, kwa hiyo aliyeugua korona naye kaupata, bila sindano.

Vijana kuvimba misuli ya moyo ni kweli kabisa, na waliotangaza ni madaktari walewale. Ni chanjo za Pfizer na Moderna, zaidi kwa wavulana na vijana wa kiume, mara nyingi ndani ya wiki moja baada ya dozi ya pili. Ni makumi ya watu kwa dozi milioni, na wengi walipona. Kule ni uvimbe, hakuna nyuzi zinazorundikana. Janssen ina lake pia: damu kuganda huku chembe sahani (chembe za kugandisha damu) zikishuka, mara chache sana, kwenye wiki chache za mwanzo. Mimi sitaki mtu aambiwe chanjo haina madhara. Aambiwe madhara yake ni yapi, ajue na yasiyo yake.

Mama Zuwena

Mimi niko Tabora, mwanangu naomba niseme na hili. Msimcheke baba mdogo. Mwanzoni mwa 2021 tuliambiwa na wakubwa chanjo hazina maana, tujifukize. Nikachemsha mikaratusi mpaka majirani wakakohoa. Julai 28 mwaka uleule Rais Samia akachanja hadharani, tukaambiwa sasa twendeni. Hakuna aliyekaa nasi kutueleza kilichobadilika. Mtu akishapelekwa hivyo, klipu yoyote inamkamata. Kaa naye huyo baba yako mdogo, kwa heshima, mkumbushe vile vifungo vya kanzu. Yeye mwenyewe alikuwepo msibani.

Kijana wa Gungu

Huo unga wa Mwanga naujua. Shemeji yangu aliuzwa hiyohiyo kama dawa ya sukari, kabla yake ilikuwa ya nguvu za kiume. Kopo halibadiliki, inabadilika karatasi ya juu.

Zamu ya Usiku

Mkuu, sikia kilicho muhimu kuliko klipu. Kuna amiloidi ya aina ya pili, protini yake inatoka kwenye uroto wa mifupa. Hiyo haisubiri, ikishashika moyo mtu anaweza kuondoka ndani ya miezi asipotibiwa, na matibabu yake yanafanana na ya saratani ya damu. Kwa dalili ulizotaja mzee anaelekea zaidi ile ya kwanza, lakini huwezi kujua kwa kumtazama. Kinachotenganisha ni vipimo vya damu na mkojo vinavyotafuta hiyo protini ya uroto, halafu picha ya nyuklia (unachomwa dawa yenye mionzi kidogo, moyo unapigwa picha), pengine na kinyama kinachokatwa na kutiwa rangi. Hii ndiyo sababu ya kwenda Dar mapema. Kila wiki ya kunywa unga ni wiki imepotea.

Usisahau pia kuwa kuta za moyo zinanenepa zaidi kwa presha kuliko kwa kitu kingine. Huenda wakapima wakasema si amiloidi kabisa. Hilo nalo ni jibu.

Dawa: ipo inayoizuia ile protini ya ini isifumuke, tafamidis, Marekani waliipitisha 2019. Bei yake sitakuficha, ni ya kutisha, kule ilitoka kwa zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka. Hata bila hiyo kuna mengi ya kufanya: kupunguza maji yaliyojaa mwilini, kuangalia mapigo, na kuepuka baadhi ya dawa za moyo ambazo kwa wagonjwa hawa zinadhuru. Asimeze dawa ya jirani.

Wasiwasi wa chanjo andikeni rasmi, msiuache kwenye grupu. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wanapokea taarifa za madhara, fomu ziko vituo vya afya. Nenda na cheti.

Mgebuka Mkavu

Nimekuelewa sana, ubarikiwe. Na la dada?

Mama Zuwena

Mwambie dada chanjo ya HPV haina mwiba wa korona wala haina undugu na Janssen. Inatolewa nchi nzima tangu 2018, na sasa ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kati ya saratani zote, ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake wetu. Mimi nimemuuguza mdogo wangu nayo, kama anataka kusikia nitampigia mwenyewe, nitumie namba faragha.

Mgebuka Mkavu

Nakutumia mama. Baba mdogo nimempigia sasa hivi, nikamuuliza habari ya vifungo. Kakaa kimya, kisha kasema tuondoke Alhamisi, ila yeye ndiye atakayemsindikiza. Unga kasema atanunua wa kwake.

Reli ya Kati

Hahaha huyo mzee habari. Mkipanda treni chukua daraja la kulala, mzee apate kitanda cha chini. Dawa ya kukojoza muulize daktari ainywe saa ngapi siku ya safari, foleni ya choo cha behewa unaijua.

Zamu ya Usiku

Na wale samaki wa chumvi mnaowafungashia ndugu wa Dar, mzee asiwaguse. Chumvi itamjaza maji kabla hamjafika Morogoro.