Mjadala: Je, mapango ya chumvi yatatuondolea hofu ya matangi ya gesi?

Mtoa mada, Changamwe, Mombasa:

Assalamu alaykum. Kila hofu inapozuka kuhusu matangi ya gesi ya kupikia yaliyo karibu na makazi, na hofu hiyo imezidi tangu mlipuko wa gesi wa Embakasi, Nairobi, wa Februari 2024, hakosekani mtu barazani wa kusema kwamba wenzetu wa Ulaya na Marekani huhifadhi gesi chini ya ardhi, ndani ya mapango ya chumvi, na kwamba nasi tufanye hivyo. Naomba tuanzie kwenye mwamba wenyewe, kwa sababu naona hoja hii huelezwa nusu tu.

Mwamba wa chumvi hauvuji, kwa kuwa chembe zake zimeshikana bila kuacha njia ya gesi, na ufa ukitokea huweza kujifunga wenyewe, maana chumvi ikigandamizwa kwa muda mrefu hutiririka polepole mithili ya nta. Lakini mtiririko huohuo ndio unaolibana pango. Katika kina cha mita 1,000, uzito wa miamba ya juu huleta shinikizo la takriban megapaskali 22, yaani zaidi ya mara 200 ya shinikizo la hewa tuivutayo, na kinachozuia kuta zisisogee ndani kwa kasi ni gesi iliyomo. Ikipungua mno, pango hujibana. Ikizidi, huipasua chumvi, ndiyo sababu wahandisi kwa kawaida huiwekea kikomo cha karibu asilimia 80 ya shinikizo la miamba. Tena tofauti kati ya shinikizo la miamba na la gesi ikiongezeka maradufu, kasi ya kujibana inaweza kuongezeka mara 8 au zaidi, na joto la kina huichochea. Kule Eminence, Mississippi, pango lenye kina kirefu lilipoteza takriban asilimia 40 ya nafasi yake kwa muda wa miaka miwili hivi, mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Mchangiaji, Likoni:

Ndugu yangu, nashukuru, ila umechagua mfano mbaya kuliko yote. Teesside, Uingereza, haidrojeni, ambayo ni gesi nyepesi kuliko zote, imehifadhiwa ndani ya chumvi tangu 1972. Pangoni hamna hewa, wala nyuma ya kuta zake, na pasipo hewa gesi haiwaki. Tangi la juu ya ardhi laweza kutuahidi hayo?

Mtoa mada:

Haliwezi, na hilo nilipaswa kulitaja mapema. Ila gesi huingia na kutoka pangoni kupitia kisima, na kisima ni chuma na saruji. Hutchinson, Kansas, Januari 2001, bomba la kisima ndilo lililotoboka, juu ya pango. Gesi ikasafiri chini ya ardhi takriban kilomita 11 hadi mjini, ikachomoza kupitia visima vya zamani vya maji ya chumvi vilivyokuwa vimesahauliwa, na watu 2 wakafa. Wakazi wale hawakuwa na tangi la kuliogopa dirishani.

Kisha kuna suala la maji, kwa kuwa pango huchimbwa kwa kuiyeyusha chumvi kwa maji. Kuyeyusha mita moja ya ujazo ya chumvi huhitaji mita za ujazo 7 hadi 8 za maji, na yote hurudi juu yakiwa yameshiba chumvi. Sisi tunaonunua maji kwa mikokoteni tusilipite jambo hili haraka. Hata tukitumia ya bahari, maji hayo mazito tutayamwaga wapi bila kuyaua matumbawe?

Na chumvi yenyewe iko wapi? Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na huku Changamwe na Miritini chini ni matope ya kale yaliyoganda kuwa mwamba. Chumvi ya Gongoni na Marereni hukaushwa kwa jua kutoka maji ya bahari, haichimbwi ardhini. Tabaka nene la chumvi lipo Mandawa, upande wa Lindi, Tanzania, zaidi ya kilomita 500 kusini mwetu. Tuseme gesi ihifadhiwe huko: meli zinazoleta gesi ya mitungi yetu bado zitashusha hapa Kilindini, na matangi ya kupokelea yatabaki palepale yalipo. Ndiyo maana nataka tuzungumzie umbali wa matangi hayo na nyumba za watu, nani hukagua vali zake, na kama taarifa za ukaguzi huo jirani anaruhusiwa kuzisoma.