Naomba ushauri: kurekodi nyimbo za jahazini, Lamu

Asalaam aleikum ndugu zangu. Tunarekodi albamu ya nyimbo za mabaharia hapa Lamu, zile za kupandisha foromali, ule mti unaobeba tanga: mmoja anatoa, wengine wanaitikia huku wakivuta henza, kamba ya kuupandishia. Studioni zilipoa kabisa. Bila kamba mkononi watu waliimba kama wako mkutanoni. Tukahamia chomboni, upepo wa kusi ukameza sauti, hata baada ya kuvisha maikrofoni sifongo na kitambaa. Tuziweke wapi, tezi (nyuma ya chombo) au omo (mbele)?

La pili ndilo linaloniumiza kichwa. Nyimbo hazina mtunzi, manahodha wenyewe walizikuta. Sheria ya Kenya ya 2016 inalinda sanaa za jadi kama haki ya jamii. Sasa idhini anasaini nani, na mgao wa mapato uende kwa nani?