Ushauri: Nataka kukaa msimu mzima wa skii Ulaya, sina gari na bajeti ni ndogo

Mwana_Igombe

Wakuu, habari za jioni. Kama kichwa cha uzi kinavyosema. Nina miaka 28, naishi Igombe hapa Mwanza. Msimu ujao nataka nikakae kwenye milima ya Alps kuanzia Desemba mpaka Aprili nijifunze skii kisawasawa, yaani kuteleza juu ya theluji na mbao miguuni. Siyo kwenda kupiga picha na kurudi. Nataka niamke nipande lifti, nishuke, nipande tena, mpaka miguu izoee. Jambo hili liko moyoni muda mrefu na umri hausubiri mtu.

Sina gari wala leseni, na nasikia vijiji vya huko viko juu kabisa milimani. Bajeti ni milioni 12, nauli ya ndege ikiwa humo humo. Naomba mwenye uzoefu aniambie ni sehemu gani naweza kufika kwa treni au basi, chumba cha bei nafuu kinapatikana vipi, na vifaa nikodi au ninunue mtumba. Wenye kejeli naomba mpite kimya. Nawasilisha.

Ngosha_Halisi

Ngosha mwenzangu, theluji ya nini? Nenda Mwaloni Kirumba, omba wakufungulie friza la sangara, ingiza kichwa dakika tano, rudi nyumbani na milioni 12 zako. Ngoja waje wenye uzoefu, mimi nimekaa pembeni.

Jikoni_Tirol

Nipo Austria muda sasa, nafanya kazi jikoni kwenye hoteli, na siku za mapumziko napanda mlimani. Naongea ninachokijua.

Gari lisikutishe. Kuna miji ya skii ambayo treni inasimama katikati ya mji. St. Anton iko kwenye njia kuu ya reli inayotoka Innsbruck kwenda magharibi, ukishuka stesheni unatembea kidogo tu unaiona lifti. Zell am See na Kitzbühel nako treni inafika. Zermatt ya Uswisi magari ya kawaida hayaruhusiwi kabisa, hata tajiri anaacha gari lake Täsch anapanda treni kama wewe. Ila Zermatt kwa bajeti yako iangalie kwenye picha.

Kosa la wengi wasio na gari ni kukimbilia chumba cha bei rahisi bondeni bila kuuliza basi la mwisho linaondoka saa ngapi. Mabasi ya skii mengi yanafuata saa za lifti. Lifti zikifungwa jioni, muda si mrefu na basi limekwisha, umebaki barabarani na mbao begani. Uliza basi kwanza, bei ya chumba baadaye.

Vifaa: buti ndiyo kitu cha kwanza, mengine yanafuata. Buti ikiwa kubwa, mguu unacheza ndani na ski haikusikii. Ukisimama wima kidole gumba kiguse mbele, ukikunja magoti kirudi nyuma. Maduka mengi yanakodisha kwa msimu mzima, ni nafuu mbali kuliko kukodi kwa siku. Tiketi ya msimu inunue mapema, kabla theluji haijaanguka. Kwenye maeneo makubwa inavuka euro 1,000 kirahisi.

Sasa sikiliza hili. Viza ya matembezi ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ni siku 90 ndani ya siku 180. Desemba mpaka Aprili haiingii humo, hata uihesabu vipi. Na hairuhusu kufanya kazi, hata ya kuosha vyombo. Ada ni euro 90, bima ya afya isiyopungua euro 30,000, na hakikisha bima hiyo imeandikwa michezo ya baridi, maana nyingi haziigusi skii na helikopta ya uokoaji inalipiwa. Watataka pia kuona mzunguko wa benki wa miezi kadhaa. Kwa hiyo nakuuliza, hizo milioni 12 zina muda gani kwenye akaunti, na zimetoka wapi? Pesa iliyodondoka jana wanaijua.

Mwana_Igombe

Asante sana mkuu Jikoni_Tirol, Mungu akubariki. Kuhusu siku 90 nimeelewa, nitaangalia. Pesa ipo, hilo lisikusumbue. Naomba turudi kwenye chumba.

Baba_Nyakato

Dogo, miaka 28 hujasema kama umeoa, hujasema kama una kiwanja. Milioni 12 huko Kisesa na Usagara bado unapata sehemu, unaanza na msingi. Theluji inayeyuka, kiwanja hakiyeyuki.

Mimi niliwahi kwenda Guangzhou kufuata mzigo mwezi Januari, nikiwa na koti la suti. Ile baridi, ndugu zangu, nilinunua soksi za kike ndefu nikavaa chini ya suruali, nikavaa na nyingine juu yake. Mzigo wenyewe ulikuja kukaa bandarini mpaka faida yote ikaliwa. Nilichojifunza ni kwamba ukitaka kuagiza China lazima uwe na mtu wako kule wa kukagua kabla kontena halijafungwa. Mwenye kuhitaji mawasiliano ya mtu mwaminifu aje inbox.

Mama_Ukara

Mwanangu, mimi sijui skii. Ila swali la pesa umeulizwa vizuri na ukalikwepa. Kijana wa Igombe hapati milioni 12 kwa kuokota. Imetoka wapi?

Mwana_Igombe

Shikamoo mama. Sijakwepa, sikuona kama inahusiana. Nina akiba yangu ya milioni 5 na kidogo. Zinazobaki nauza mashine ya boti, HP 15, na boti yenyewe. Mnunuzi wa Kayenze ameshanipa malipo ya awali, milioni 2. Nyingine analipa mwisho wa mwezi.

Mama_Ukara

Marahaba. Boti ni ya nani?

Mwana_Igombe

Ni ya marehemu mzee. Ila mashine ina jina langu kwenye risiti. Mdogo wangu ndiye anaingia nayo ziwani na vijana wake, kwa sasa hajui. Nitamwambia. Kabla watu hawajaanza povu, naombeni mnielewe: tangu mzee afariki mimi ndiye nimelipia matengenezo yote, nyavu, taa, kila kitu. Huyo mdogo wangu anaweza kuajiriwa kwenye boti ya mtu, kazi anaijua kuliko mimi. Mimi hii nafasi sitaipata tena. Na nikirudi nitakuwa na ujuzi.

Ngosha_Halisi

Ujuzi wa kuteleza, Igombe. Utateleza juu ya magugu maji?

Mwana_Igombe

Nilikaa Moshi nikibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro. Asubuhi tukiwa Stella Point jua likitoka niliona ile barafu kwa macho yangu. Kuna mgeni wa Austria akaniambia mtu mwenye mapafu na miguu kama yangu angekuwa mwalimu wa skii kama angezaliwa kwao. Hakuwa anatania. Tangu hapo sijalala vizuri. Nataka nianze, nifike daraja la kwanza la ualimu.

Mpwa_wa_Capripoint

Wakuu, hii ni CHAI. Tena ya maziwa. Mwanzoni kijana wa Igombe, baadaye mvuvi, sasa mpagazi wa Kilimanjaro, kesho atakuwa rubani. Marehemu mzee, mdogo mtu asiyejua kitu, mnunuzi wa Kayenze. Mtu anaandika hadithi, nyie mnamjibu kwa euro. Kwanza lini mtu mweusi kutoka kwenye joto hili amewahi kuski?

Mwalimu_Bugando

Kwenye hilo la mwisho ngoja nikusahihishe. Philip Boit, Mkenya, mkimbiaji, alishiriki skii ya kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano 1998. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, na bingwa wa mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimsubiri pale mwisho amkumbatie. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Mwaka 2018 Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi, aliiwakilisha Kenya Pyeongchang kwenye skii ya kushuka mlima. Kwa hiyo dogo amchague mwingine wa kumcheka.

Ila na yeye ajue Boit alikuwa na wafadhili na kocha Finland. Simader amekulia Austria tangu mtoto. Hakuna aliyeuza boti ya familia.

Mpwa_wa_Capripoint

Sawa mwalimu, nimekusikia. Bado nasema chai. Mwana_Igombe, kama kweli wewe ni mtu wa dagaa, jibu bila kugugo: kwa nini jioni hii uko mtandaoni na siyo ziwani?

Mwana_Igombe

Kwa sababu mwezi unakaribia kutimia. Dagaa hawaji kwenye taa mwezi ukiwa mkubwa, wanatawanyika. Boti zote za kambi yetu ziko juu mchangani, vijana wanashona nyavu na kulala. Giza likianza ndiyo watu wanaingia, taa zinawekwa kwenye vielea majini, unasubiri mpaka maji chini ya taa yanaanza kuchemka. Ukiwahi kuvuta hupati kitu, ukichelewa wamekwenda. Umeridhika?

Mpwa_wa_Capripoint

Nimeridhika. Nafuta chai. Lakini umejijibu mwenyewe, bwana. Giza likirudi, mdogo wako atakwenda mchangani kufunga mashine. Atakuta nini?

Mama_Ukara

Hilo ndilo nililokuwa naliuliza. Mwanangu, risiti ina jina lako, nimekubali. Boti ya marehemu ina warithi. Mama yenu yupo? Mmekaa kikao cha mirathi? Huyo wa Kayenze akija na watu kubeba, ndugu yako akikataa, mnakwenda wote polisi na wewe pesa ya watu umeshaila. Kwetu Ukara nimeona ndugu wa tumbo moja wakipelekana mahakamani kwa ajili ya mtumbwi wa kasia, achilia mbali wa mashine.

Mwana_Igombe

Mama yupo Nansio. Kikao hakijakaa. Mama nakuheshimu, lakini nikiitisha kikao watasema hapana wote, najua. Nimeshalipia pasipoti laki na nusu kutoka kwenye yale malipo ya awali, na nimetuma kidogo kwa mwenye chumba ili anishikie.

Jikoni_Tirol

Umemtumia nani? Umemwona kwa video? Chumba chenyewe kiko mtaa gani?

Mwana_Igombe

Ni tangazo. Anajibu vizuri, ametuma picha. Na ana mtu wa kunisaidia viza, sihitaji kusafiri.

Jikoni_Tirol

Hapo simama. Mwombaji wa Schengen wa mara ya kwanza anakwenda mwenyewe kutoa alama za vidole, vidole vyote kumi. Hakuna wakala wa kukutolea. Anayekwambia hutasafiri anakudanganya. Usitume hata shilingi nyingine, na picha ya pasipoti yako usimpe.

Halafu ngoja nikupe hesabu ya akiba yako tu, zile milioni 5, boti ibaki ilipo. Msimu mzima hazitoshi, popote. Kozi za ualimu nazo wanapokea mtu ambaye tayari anateleza vizuri, kwa hiyo cha kwanza ni kujua kama mwili wako unaukubali huu mchezo. Nenda Afriski, kituo cha skii kule Lesotho. Iko juu ya mita 3,000, msimu ni Juni mpaka Agosti, wana walimu na wanakodisha vifaa, na wanatengeneza theluji kwa mashine pale ambapo ya mbinguni haitoshi. Unapitia Afrika Kusini, na kule Mtanzania haombi viza kwa matembezi. Mwanza mpaka Johannesburg mabasi unayajua. Ukifika Butha-Buthe, mji wa Lesotho, barabara ya kwenda Mokhotlong inapita pale pale. Mteremko ni mfupi, kama kilomita moja, kwa anayeanza unakutosha na unabaki. Kaa wiki.

Ukitoka pale bado unaitaka, sasa weka pesa benki kidogo kidogo kila giza, na mwaka unaofuata lenga Bansko, Bulgaria. Basi kutoka Sofia ni kama saa tatu, kipo na kitreni cha reli nyembamba kutoka Septemvri, saa kama tano, kinapita mabondeni kizuri sana. Lifti inaanzia mjini, maisha ni nafuu kuliko huku kwetu. Bulgaria imeingia Schengen kamili tangu Januari 2025, kwa hiyo siku zako 90 ni zile zile, zipange Januari mpaka Machi theluji ikiwa nzuri.

Mwana_Igombe

Lesotho sikuwahi kuifikiria. Lakini mkuu, wiki moja siyo msimu. Na mnunuzi nitamwambia nini? Milioni 2 yake haijakamilika mkononi.

Mama_Ukara

Mwambie biashara imesimama mpaka familia ikae. Iliyopungua ijazie kwenye akiba yako umrudishie yote, kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kisha panda feri uende Nansio kwa mama yako kabla mwezi haujapungua.

Kijana_Musoma

Samahani wakuu, nimechelewa kuingia. Hiyo HP 15 ni ya kuchanganya oili au isiyochanganya? Na bei ya mwisho ni ngapi kama huyo wa Kayenze akishindwa?